UZI: Kero na raha ndogondogo za Guangzhou ambazo wakala wa tiketi hakuambii

MzigoWaKubiki (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Nyuzi za Guangzhou humu zimejaa bei za simu, mabegi na kontena. Huu ni wa yale mengine, yanayomla nusu siku mtu aliyekwenda kwa wiki moja tu, pamoja na yale machache yanayomfanya atake kurudi. Naanza na simu, maana kule ukikosa simu umekosa hela, ramani, teksi na mkalimani kwa mpigo.

Ukiwa bado nyumbani, pakua programu za kulipia kwa simu, Alipay na WeChat. Kwenye Alipay unajisajili kwa namba yako ya +255 au +254, unapiga picha pasi ya kusafiria, kisha unaunganisha Visa au Mastercard. Jina liandikwe kama lilivyo kwenye pasi, pamoja na lile la babu ambalo hulitumii popote. Benki itatuma namba ya uthibitisho kwa ujumbe mfupi, kwa hiyo fanya hivi laini ikiwa mkononi. Ukisubiri hadi ufike uwanja wa ndege wa Baiyun na laini haina romingi, ujumbe hauji na kadi haiungi. Kabla ya yote piga simu benki wakufungulie malipo ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Kadi nyingi za kwetu hutolewa zikiwa zimefungwa kwa hayo mawili, na anayelaumiwa ni Mchina.

WeChat ina ukorofi wake: akaunti mpya mara nyingi hutaka mtu mwenye akaunti ya zamani akuthibitishie kwa kuskani msimbo wa QR. Mtafute huyo mtu mapema.

Makato: malipo ya hadi yuan 200 kwa kadi ya nje hayakatwi kitu. Ukivuka hapo unakatwa asilimia 3 ya kiasi chote, haikatwi ile ya juu ya 200 peke yake. Bili ya 390 mwombe muuzaji aigawe mara mbili, 195 na 195. Wengi wanakubali, wameshazoea. Ya 1,000 ukilipa kwa mkupuo umeacha yuan 30 mezani.

Karibuni muongeze.

---

kibarua_wa_posta

Mkuu, na taslimu? Nasikia siku hizi hawapokei kabisa.

---

MzigoWaKubiki

Wanapokea. Benki kuu yao inakataza muuzaji kukataa noti. Tatizo ni chenji. Noti kubwa kuliko zote ni ya 100, na ukimpa ya 100 mtu anayeuza mahindi ya kuchemsha ya yuan 5 atakuangalia tu. Basi la mjini ni yuan 2, unatumbukiza kwenye sanduku na hakuna anayerudisha. Ukibadilisha dola, omba za 10, 20 na za 1, hata kama mhudumu atanuna.

Hizo noti ndogo zina kazi nyingine. Msimbo wa duka lililosajiliwa unapita vizuri kwa kadi ya nje. Msimbo wa mtu binafsi, ule aliouchapa akaubandika kwenye mkokoteni, mara nyingi unagoma, kwa sababu kadi ya nje hairuhusiwi kumtumia mtu pesa, inalipia biashara tu. Usikae unajaribu mara tano huku foleni inakua nyuma yako. Toa noti.

Na msipige picha ya skrini ya msimbo wenu wa malipo mkidhani itawafaa mtandao ukikatika. Ule msimbo hubadilika kila dakika.

---

fundi_wa_Agrey

Naongezea upande wa mtandao, hapa ndipo watu wanapotea.

WhatsApp, Google, YouTube, Facebook na Instagram hazifunguki kwa mtandao wa kule. Lakini laini ya nyumbani ikiwa kwenye romingi, data yako inazungushwa hadi kwenye kampuni ya simu ya kwenu ndipo inatoka, kwa hiyo WhatsApp inafanya kazi kama uko Kariakoo. eSIM (laini isiyo na kadi, inayowekwa ndani ya simu) za China zinazopitia Hong Kong zinatumia njia hiyohiyo na kwa kawaida ni nafuu kuliko romingi yetu. Nunua na uiweke kabla hujaondoka. Angalia kwanza kama simu yako ina eSIM: iPhone zilizotengenezwa kwa soko la China bara nyingi hazina, na humu mjini zimejaa.

Kosa la kila siku: mtu ana romingi nzuri, anafika hotelini anaunga Wi-Fi, WhatsApp inazunguka tu, anasema bando limeliwa. Bando lipo. Simu imehamia Wi-Fi ya hoteli, na hiyo inapita kwenye mtandao wa kule uliofungwa. Zima Wi-Fi, ujumbe unaingia papo hapo.

---

Bandarini_Kilindini

Mimi nasema chukua laini ya kule kule. Romingi ya siku saba ni pesa nyingi bure.

---

fundi_wa_Agrey

Kaka, laini ya kule unapata kwa pasi tu, na bando lake ni rahisi kweli. Ila WhatsApp utaisikia kwenye bomba. VPN, yaani programu za kukwepa huo ufungaji, nazo sheria ya kule haizitambui zisizosajiliwa, na Google Play ya kuipakulia haifunguki.

Ninachokubaliana nawe: namba ya Kichina inafaa kwa Wi-Fi za maduka makubwa na stesheni, maana nyingi hutuma namba ya kuingilia kwa namba ya China peke yake. Mwenye simu ya laini mbili aweke zote. Data itoke kwenye eSIM, namba ya Kichina ibaki ya kupokea ujumbe.

---

Bandarini_Kilindini

Hapo sawa. Basi na ramani niiseme mimi.

Google Maps hata ikifunguka, usiiamini. China ina mfumo wake wa vipimo vya ramani, GCJ-02, unaosogeza nukta makusudi. Matokeo yake simu inaweza kukuonyesha uko mita mia kadhaa kutoka ulipo, pengine katikati ya mto Pearl. Tumia Amap, sasa ina Kiingereza, au Apple Maps kama una iPhone.

Teksi za DiDi zipo ndani ya Alipay, huhitaji kupakua kingine. Dereva akifika atakuuliza tarakimu nne za mwisho za namba ya simu uliyojisajili nayo. Zikariri kwa Kichina, au mwonyeshe kwenye skrini. Akikupigia usipokee, mwandikie ndani ya programu, inatafsiri yenyewe. Na chukua kadi ya hoteli pale mapokezi siku ya kwanza, yenye anwani kwa Kichina. Anwani ya Kiingereza uliyopewa wakati wa kulipia chumba haina maana yoyote kwa dereva wa teksi ya barabarani.

---

Mama_Vitenge

Kutoka uwanja wa ndege hadi mtaa wa Xiaobei bila teksi, kwa wanaofika na begi moja au mawili:

Metro mstari wa 3, stesheni ya Airport North kama umeshukia Terminal 2, Airport South kama ni Terminal 1. Shuka Jiahewanggang, hamia mstari wa 2. Wa Sanyuanli anashuka Sanyuanli. Wa Xiaobei anaendelea kituo kimoja hadi Guangzhou Railway Station, anahamia mstari wa 5, kituo kinachofuata ni Xiaobei. Nauli za metro zinaanzia yuan 2. Treni zinakoma karibu saa 5 usiku, kwa hiyo ndege ikitua saa 4 na nusu, ukitoka uhamiaji umeshachelewa. Chukua teksi ya foleni rasmi.

Tiketi ya safari moja ni kidude cha plastiki cha mviringo. Kuingia unakigusisha, kutoka unakitumbukiza kwenye tundu. Ukikipoteza unalipa. Kila stesheni wanapitisha mabegi kwenye mashine, na ukiwa na chupa ya maji wanaweza kukuambia unywe funda moja mbele yao. Kunywa, usibishane, ni sekunde tatu.

Jiahewanggang asubuhi usipite na mabegi makubwa. Subiri saa 4 hivi watu wawe wameingia kazini.

---

kibarua_wa_posta

Dada, hapo "saa 4" ni yetu au yao?

---

Mama_Vitenge

Yetu, baba. Yaani 10:00 ya kwenye saa zao.

Na kweli hili liwekwe wazi. China nzima ina saa moja, na iko mbele yetu kwa saa tano. Nyumbani ikiwa saa 3 asubuhi, kule ni saa 8 mchana. Ukitaka kuongea na benki ya nyumbani, dirisha lako linaanza saa 7 au 8 mchana wa kule, asubuhi yote hakuna wa kupokea. Kwa hiyo shida ya kadi ikitokea wakati wa kifungua kinywa, ndiyo imetokea.

Ndege ya kurudi ndiyo inayowaliza watu. Tiketi ikisema tarehe 15 saa 00:20, maana yake unatakiwa uwe uwanjani usiku wa tarehe 14. Wapo wanaolala usiku huo kwa amani kabisa, wakaenda uwanjani kesho yake jioni na mabegi yote.

---

sokoni_leo

Kwenye masoko kuna vitu vitatu vinavyogombanisha watu bila sababu.

Cha kwanza ghorofa. Ghorofa ya 1 ya kule ni ya chini kabisa, pale mlangoni. Muuzaji akikuandikia duka liko ghorofa ya 3, kwa hesabu yetu ni ya pili. Watu wanapanda, hawalioni duka, wanamwita mwenzao tapeli. Tena majengo mengine yanaruka 4 na 14 kwenye lifti, kwa hiyo kuhesabu kwa ngazi hakusaidii.

Cha pili vidole. Wachina huonyesha hadi tisa kwa mkono mmoja. Gumba na kidole cha shahada vikinyooshwa ni 8. Sisi tunaona 2, tunashangilia bei, kisha kikokotoo kinatolewa na furaha inakwisha. Gumba na kidole cha mwisho ni 6. Kidole cha shahada kilichopindwa kama ndoana ni 9. Vidole viwili vya shahada vikipishana msalaba ni 10. Jifunze hivyo vinne kwanza.

Cha tatu uzito. Bei ya matunda na mboga sokoni kwa kawaida ni ya jin moja, nayo ni nusu kilo. Ukiona kibao cha 6, kilo ni 12. Hakuna aliyekuibia.

---

MzigoWaKubiki

Hiyo ya vidole ni madini. Naomba wadau msisahau suala la polisi na hoteli, maana kuna watu wanafikia kwa ndugu.

---

mwanafunzi_wa_zamani

Ukilala hotelini, hoteli inakusajili yenyewe kwa pasi yako. Ukilala kwenye nyumba ya mtu, wewe au mwenyeji mnatakiwa kwenda kituo cha polisi cha mtaa huo ndani ya saa 24. Mnabeba pasi, na mwenyeji anabeba mkataba wa nyumba na kitambulisho chake. Ukikwepa, sheria inaruhusu onyo na faini isiyozidi yuan 2,000. Mwenye umri wa miaka 16 na zaidi anatakiwa kutembea na pasi yenyewe, na kwenye mitaa yenye wageni wengi kama Xiaobei kuulizwa si ajabu. Nakala ya kwenye simu ni ya akiba tu.

Hoteli nyingi huchukua dipoziti juu ya bei ya chumba. Itoe taslimu kama unazo. Ukiilipa kwa kadi ya nje kupitia simu, kurudishwa kunaweza kuchukua siku kadhaa, na wewe umeshapanda ndege. Tunza kile kikaratasi. Kwa hela nyingi za mkononi: ukiingia na zaidi ya thamani ya dola 5,000 kwa fedha za kigeni, tangaza forodhani. Usipotangaza, siku ukitoka na dola zilizobaki utashindwa kuonyesha zilitoka wapi.

Tarehe nazo. Maonyesho ya biashara ya Canton hufanyika Aprili hadi mwanzoni mwa Mei, na tena Oktoba hadi mwanzoni mwa Novemba. Vyumba vinapanda bei hata vya mbali na Pazhou, penye maonyesho yenyewe. Tarehe 1 hadi 7 Oktoba ni sikukuu, treni zimejaa na viwanda vimelala. Mwaka Mpya wao huangukia kati ya 21 Januari na 20 Februari, na hapo usiende kabisa kibiashara. Wafanyakazi wanarudi vijijini na viwanda huchukua wiki kadhaa kuamka.

---

kibarua_wa_posta

Mbona kero tu? Kichwa cha uzi kina "raha" pia.

---

Mama_Vitenge

Haya, raha.

Maji ya moto. Yapo bure stesheni, ndani ya treni na uwanja wa ndege, kwenye mashine yenye bomba jekundu. Beba chupa ya chuma na majani yako ya chai, tangawizi ukipenda. Mnywaji wa chai kutoka kwetu atajiona amefika kwa wakwe wanaompenda.

Asubuhi kuna uji mzito wa mchele, unaouzwa pamoja na unga wa ngano uliokaangwa kwa vipande virefu visivyo na sukari. Unachovya. Uji una nyama ya nguruwe mara nyingi, kwa hiyo asiyekula aulize kwanza. Mboga za majani nazo pengine hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe migahawani bila mtu kuona haja ya kukuambia. Kwa Waislamu na wote wanaotaka usalama, tafuteni maandishi haya mawili mlangoni: 清真. Mengi ya maduka hayo ni ya tambi za Lanzhou. Mpishi anavuta unga mbele yako kwa mikono, unachagua unene wa tambi, na inakuja na supu ya ng'ombe yenye giligilani. Pilipili iko mezani, jipimie.

Ukikaribishwa na mwenyeji kwenye mgahawa wa Kikanton, mtaletewa birika na bakuli kubwa kabla ya chakula. Chai hiyo ya kwanza ni ya kuoshea vikombe na vijiti, inamwagwa kwenye bakuli. Msiinywe! Ya pili ndiyo ya kunywa. Mwenzako akikumiminia, gonga meza kwa vidole viwili, ndiyo asante yao, na unaweza kuifanya mdomo ukiwa umejaa. Birika likiisha weka mfuniko upande, mhudumu ataelewa bila kuitwa.

---

sokoni_leo

Laichi, ndugu yake shokishoki! Juni na Julai inauzwa kila kona. Nunua zenye vikonyo na majani, zilizopukutishwa huharibika haraka zaidi.

---

Bandarini_Kilindini

Jioni kuna akina mama na wazee wanaocheza viwanjani kwa spika moja kubwa, mistari imenyooka. Mgeni akijiunga nyuma hakuna anayemfukuza. Bustani ya Yuexiu haina kiingilio, metro mstari wa 2, ina kivuli cha kutosha kwa mtu aliyechoka kupanda ngazi za maduka. Ijumaa, msikiti wa Xianxian uko jirani na hapo, kwenye Jiefang Bei Lu, penye kaburi linalosemwa kuwa la Saad bin Abi Waqqas. Huaisheng, ule wa mnara mrefu mweupe, uko Guangta Lu, shuka Ximenkou mstari wa 1.

Ila jamani Machi! Kuna siku za unyevu ambapo kuta na sakafu zinatoa jasho na nguo uliyofua haikauki hata siku mbili. Fungeni madirisha na muwashe kiyoyozi kwenye hali ya kukausha. Kufungua dirisha "hewa iingie" ndiko kunakoleta maji ndani, maana hewa ya nje ndiyo yenye unyevu na ukuta bado una baridi.

---

Mama_Vitenge

Na tishu mfukoni kila siku, vyoo vingi vya umma havina karatasi. Kuchuchumaa sisi hatuna shida nako.

---

mwanafunzi_wa_zamani

Wanaoendelea Yiwu au Shenzhen kwa treni: Guangzhou ina stesheni kubwa kadhaa, nazo ni Guangzhou yenyewe, Kusini, Mashariki na Baiyun. Ziko mbali mbali. Treni nyingi za mwendokasi hutoka Kusini, na kutoka Sanyuanli ni mstari wa 2 moja kwa moja, lakini soma tiketi, usikisie. Tiketi zinafunguliwa siku 15 kabla, kwenye programu ya 12306 yenye Kiingereza. Uthibitisho wa pasi uombe mapema, usingoje siku ya safari.

Hakuna karatasi, tiketi yako ni pasi. Mageti mengi ni ya vitambulisho vya Kichina na yatakukatalia. Nenda lile la pembeni lenye mhudumu, au lenye kisomeo cha pasi. Mageti yanafungwa dakika chache kabla ya treni kuondoka, na treni haimsubiri mtu. Kusini ni kubwa, fika saa nzima kabla.

---

kibarua_wa_posta

Swali la mwisho la vifaa. Plagi zetu za miguu mitatu mikubwa zinaingia? Na pawabenki ya 30,000 mAh nabeba?

---

fundi_wa_Agrey

Plagi haziingii. Umeme ni volti 220, karibu sawa na wetu, ila matundu ni ya pini mbili bapa, au tatu bapa, mbili zikiwa mshazari. Adapta moja inatosha, au nunua kichwa cha chaji kule kule.

Pawabenki: zidisha mAh kwa 3.7, gawa kwa 1,000, unapata Wh, kipimo wanachotumia mashirika ya ndege. Yako ni 111. Mpaka ni 100. Kati ya 100 na 160 unahitaji ruhusa ya shirika la ndege. Ya 20,000 ni 74, hiyo inapita, lakini ndani ya begi la mkononi tu, kamwe si la mzigo. Halafu tangu 28 Juni 2025, kwenye ndege za ndani ya China pawabenki isiyo na alama ya 3C, ya usalama ya Kichina, inazuiwa ukaguzini, na zetu nyingi za huku hazina. Iache nyumbani. Kule kuna za kukodi kwenye maduka na migahawa, unaskani unachukua, ukimaliza unairudisha kwenye mashine yoyote ya kampuni hiyo hiyo.